Kijiko Chenye Nasaba

Jumamosi hapa Mogogosiek, Gogo jirani yangu alinifungulia leso: ndani mna kijiko cha fedha, zawadi aliyopewa marehemu mumewe, mpishi wa meneja Mzungu kwenye shamba la chai. Tulikisugua kwa jivu hadi alama zikajitokeza: simba anayetembea, yaani fedha ya asilimia 92.5, nanga, yaani kilipimwa Birmingham, na herufi ya mwaka. Mpinini zimechorwa herufi za ukoo wa meneja. Chombo huchakaa, chapa husema. (Mimi hata mwaka aliozaliwa babu siujui.) Waingereza walitunza nasaba ya kijiko zaidi kuliko haki ya Watalai, ukoo wa Wakipsigis waliouhamishia Gwassi kwa nguvu miaka ya 1930, ambao wajukuu wao wangali wanadai ardhi. Gogo hakiuzi, anakikorogea chai.