Jaji Anatoka Wapi, na Anaelekea Wapi?

Makamanda, Juni 2025 Rais Samia Suluhu Hassan alimteua George Masaju kuwa Jaji Mkuu wa Tanzania, kuchukua nafasi ya Profesa Ibrahim Hamis Juma. Kwenye magrupu yetu ya WhatsApp wengi waliishia kwenye kejeli na vibonzo. Mimi naomba tufanye kazi ngumu kidogo: tuangalie njia aliyopita, halafu tuangalie Katiba iliyomruhusu kuipita.

Masaju alikuwa Naibu Mwanasheria Mkuu wa Serikali kuanzia 2009. Januari 2015, baada ya Jaji Frederick Werema kujiuzulu kwa sakata la Escrow, akawa Mwanasheria Mkuu. Magufuli alipoingia Ikulu mwaka huohuo alimteua tena. Februari 2018 akateuliwa jaji wa Mahakama Kuu, baadaye akaenda Mahakama ya Rufani, na sasa yuko kileleni.

Mnisome vizuri. Sisemi hana sifa. Ibara ya 109 inataka mtu mwenye shahada ya sheria na uzoefu wa miaka 10 kama hakimu, wakili au mtumishi wa umma, na yeye anazo. Wala jambo hili si geni. Julie Manning, mwanamke wa kwanza kuwa jaji nchini, ambaye sisi wasichana tunaosoma sheria tunamtaja kwa heshima, alitoka mahakamani akawa Waziri wa Sheria enzi za Mwalimu. Werema mwenyewe alikuwa jaji kabla ya kuwa Mwanasheria Mkuu. Kwa hiyo tusidanganyane kwamba tatizo limeanza juzi, au kwamba ni la mtu mmoja.

Tatizo ni mlango wenyewe. Mwanasheria Mkuu ni mshauri wa Serikali, anahudhuria Baraza la Mawaziri, na ni mbunge kwa wadhifa wake. Yaani mihimili miwili anakaa kwa mpigo, halafu kwa uteuzi mmoja anahamia wa tatu.

Kwa mwananchi wa hapa Dodoma hili si somo la darasani tu. Chukua mzee wa Nala au Msalato ambaye shamba lake limeingia kwenye mradi na haridhiki na fidia. Akitaka kuishtaki Serikali, lazima kwanza atoe notisi ya siku 90, kisha amuunganishe Mwanasheria Mkuu kwenye kesi. Tangu sheria ilipobadilishwa 2020, hata akiishtaki halmashauri ni lazima amuunganishe. Kwa hiyo mpinzani wake mahakamani ni ofisi ileile ambayo kiongozi wake wa jana anaweza kuwa jaji wa leo. Jaji huyo anaweza kutenda haki kabisa. Lakini mzee akishindwa, utamwambia nini akiamini kwamba mechi ilichezeshwa na kocha wa timu pinzani?

Sasa tazama njia ya Dk. Eliezer Feleshi. Alikuwa Mkurugenzi wa Mashtaka kuanzia 2008. 2014 akawa jaji wa Mahakama Kuu. 2018 akawa Jaji Kiongozi. Septemba 2021 akatolewa mahakamani kwenda kuwa Mwanasheria Mkuu. Agosti 2024 akarudi, safari hii Mahakama ya Rufani. Mlango unafunguka pande zote mbili, na funguo anazo mtu mmoja.

Na mlango huo ukifunguka, upepo unafika mbali. Feleshi alipoondoka 2021, kiti cha Jaji Kiongozi kilibaki wazi. Oktoba, Rais akamteua Jaji Mustapher Siyani, ambaye wakati huo alikuwa anasikiliza kesi ya ugaidi iliyomkabili Freeman Mbowe na wenzake watatu. Siyani akatoa uamuzi wa pingamizi lililokuwa mezani, kisha akajitoa kwa sababu ya majukumu mapya. Jaji Elinaza Luvanda alikuwa ameshajitoa mwezi mmoja nyuma baada ya washtakiwa kusema hawana imani naye. Kesi ikaenda kwa jaji wa tatu, Joachim Tiganga, hadi Mkurugenzi wa Mashtaka alipoifuta Machi 2022. Sidai kwamba kuna aliyepanga hivyo. Nasema tu kwamba Katiba yetu inamruhusu Rais kumpandisha cheo jaji aliye katikati ya kesi ambayo dola inataka ishinde, na haimtaki aeleze sababu.

Wapo watakaosema Rais hateui peke yake, kuna Tume ya Utumishi wa Mahakama. Haya, isome Ibara ya 112. Wajumbe ni Jaji Mkuu, Jaji wa Rufani mmoja, Jaji Kiongozi, Mwanasheria Mkuu, na wawili wanaoteuliwa na Rais. Wote sita ni wateule wake. Na kwa Jaji Mkuu, Ibara ya 118 haimtaki hata kushauriana na Tume hiyo. Profesa Juma, aliyetokea kufundisha sheria Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikaimu kiti hicho kuanzia Januari hadi Septemba 2017. Miezi karibu minane mkuu wa mhimili mzima yuko kwenye majaribio!

Kenya si pepo, lakini tangu Katiba yao ya 2010 wanaotaka ujaji mkuu wanahojiwa hadharani. 2021 Wakenya walimtazama Martha Koome akihojiwa kwenye televisheni kabla hajawa Jaji Mkuu. Uhuru Kenyatta alipokataa kuwaapisha majaji sita waliopendekezwa, kila mtu alijua majina yao, na Ruto aliwaapisha Septemba 2022 mara tu alipoingia madarakani. Ugomvi upo, ila upo mezani.

Sisi tulikuwa na nafasi, tena hapahapa Dodoma. 2014 Bunge Maalum lilikaa mjini kwetu na Rasimu ya Warioba, yenye serikali tatu na Mahakama ya Juu. CCM ikaikatakata, UKAWA wakatoka, na kura ya maoni iliyopangwa Aprili 2015 haijapigwa hadi leo.

Kwa hiyo, vijana, tukidai Katiba mpya tusiishie kwenye tume ya uchaguzi. Tudai haya manne: nafasi za ujaji zitangazwe na waombaji wahojiwe hadharani, wengi kwenye Tume wasiwe wateule wa Rais, anayetoka ofisi ya Mwanasheria Mkuu au ya Mashtaka akae nje miaka kadhaa kabla ya kuvaa joho, na jaji asipandishwe cheo kabla hajamaliza kesi nzito iliyo mkononi mwake.

Aprili 2025 Rais alizindua hapa mjini makao makuu mapya ya Mahakama. Jengo ni zuri, sina ubishi. Madai yetu ni kwamba anayeingia pale kuhukumu asiwe na deni kwa aliyemteua. Siku chama chetu kikishika dola, tutakuwa sisi wenye funguo, na sheria hizo zitubane na sisi pia.