Maandishi Nayo Hupewa Uhamisho

Hakuna askari asiyeijua amri ya uhamisho. Huja jioni, aghalabu siku ambayo mke amekwisha kupanda mboga nyuma ya kwota, na kabla ya mapambazuko masanduku ya bati yako juu ya lori. Lakini hata katika haraka hiyo upo utaratibu. Vitu huhesabiwa kabla ya kupakiwa, huhesabiwa tena vinapoteremshwa, na mtunza bohari haweki sahihi yake mpaka hesabu hizo mbili zilingane. Leo nataka kusema juu ya uhamisho wa aina nyingine, ambao aghalabu hufanywa pasipo hesabu yoyote, nao ni kuhamisha maandishi ya blogu kutoka tovuti moja kwenda nyingine.

Wako watakaouliza: askari na blogu, wapi na wapi? Ninaye rafiki, sajini mstaafu, ambaye alikuwa miongoni mwa waliokwenda Mogadishu baada ya jeshi la Uganda kuingia huko mwezi Machi 2007. Aliporejea nyumbani alianza kuandika kwa Kiswahili, lugha ya kambini, habari za wenzake: nani alikuwa mpishi hodari, nani aliogopa bahari, nani hakurudi. Aliandika miaka kadhaa, na jamaa za wale wenzake wakawa ndio wasomaji wake. Mama wa askari mmoja aliyeanguka huko alikuwa akienda kwenye duka la jirani mwenye simu kubwa, amfungulie ukurasa amtazame mwanawe. Picha ile ilipigwa na sajini kwa mkono wake, na mama yule hakuwa na nyingine ya mwanawe akiwa katika sare.

Yafaa tufahamu kwamba blogu iliyowekwa katika tovuti ya kampuni ni kama kwota. Unaishi humo, unapaka rangi, unapanda maua, lakini nyumba si yako. Tovuti ya GeoCities ilianza mwaka 1994, ikanunuliwa na Yahoo mwaka 1999, na tarehe 26 Oktoba 2009 Yahoo ikaifunga. Tarehe 27 Septemba 2010 kampuni ya Microsoft iliwatangazia wenye blogu katika Windows Live Spaces, ambao kwa hesabu yake yenyewe walikuwa milioni 30, kwamba wahamie WordPress, kwani nyumba ile ingefungwa tarehe 16 Machi 2011. Hao angalau walipewa karibu miezi sita na chombo cha kuwahamishia. Waliokuwa Typepad, tovuti iliyofunguliwa mwaka 2003, waliambiwa tarehe 27 Agosti 2025 kwamba mlango ungefungwa tarehe 30 Septemba mwaka huo huo. Mtu aliyeandika kwa miaka 20 akapewa mwezi mmoja na siku chache!

Siwalaumu sana wenye makampuni. Mwenye nyumba akichoka, amechoka. Lawama yangu ni kwetu sisi wapangaji, tunaosubiri tarumbeta ya mwisho ndipo tuanze kutafuta kamba za kufungia mizigo.

Sasa tazameni jinsi uhamisho wenyewe unavyofanyika, kwani hapo ndipo rafiki yangu alipojikwaa. Tovuti ya zamani humpa mwenye blogu faili moja. Katika faili hilo yamo maandishi yote, tarehe zake, jina la mwandishi na maoni ya wasomaji. Picha, aghalabu, hazimo. Kilichomo ni maelezo tu ya mahali picha zilipotundikwa, mithili ya hati ya bohari inayosema bunduki kumi ziko chumba cha tatu, na kumbe aliyeipokea hati hajapokea bunduki. Tovuti mpya hulisoma faili hilo, na ikiwa imeamriwa, huenda yenyewe kwenye tovuti ya zamani kuzichukua picha moja moja. Katika chombo cha WordPress cha kupokelea maandishi kipo kisanduku kidogo cha kutia alama ili kazi hiyo ifanyike. Usipotia alama, maandishi yatahama na picha zitabaki.

Na ubaya wake ni kwamba huoni kasoro yoyote. Ukifungua ukurasa mpya, picha inaonekana vizuri kabisa, kwa sababu ukurasa huo unaichungulia kule kule ukutani mwa nyumba ya zamani. Ndivyo ilivyomtokea sajini. Alihama mapema, kabla ya kusukumwa, na kwa hilo anastahili sifa. Akakagua kila ukurasa akakuta mambo shwari. Akanipigia simu akicheka kwamba hajapoteza hata kijiko. Miezi saba baadaye tovuti ya zamani ikafungwa, na siku hiyo hiyo picha zote zikageuka kuwa vijisanduku vitupu.

Kwa hiyo ukaguzi wa kweli si kutazama kama picha inaonekana. Ni kuuliza picha hiyo inatoka wapi. Anwani ya picha ikiwa bado ina jina la tovuti ya zamani, uhamisho haujafanyika, hata kama lori limekwisha kuondoka. Nyumba ya zamani isivunjwe, wala akaunti yake isifutwe, mpaka swali hilo limejibiwa kwa kila picha. Na kabla ya yote hayo, picha zenyewe zipakuliwe zihifadhiwe mahali pengine, penye ufunguo ulio mkononi mwako.

Nimesikia wengine wakishauri kwamba mtu ahamishe yaliyo muhimu tu na kuacha takataka. Siafikiani nao. Nani ajuaye lipi ni muhimu? Ukurasa wenye picha ile ulikuwa na mistari sita tu, na sajini mwenyewe aliuona kuwa mdogo. Wala tusidhani kwamba wakubwa hawapotezi. Mwaka 2019 tovuti ya MySpace ilikiri kwamba katika kuhamisha seva zake, nyimbo, picha na filamu zilizowekwa humo kabla ya mwaka 2016 zilikuwa zimepotea. Kampuni ile ilikuwa na mafundi wa kuajiriwa.

Liko jambo jingine linalowahusu zaidi ninyi mlioapa kutunza siri. Faili lile la kuhamia hubeba pia yale usiyoyachapisha: maandishi ambayo hayajakamilika na yale uliyoyafungia yasisomwe na watu. Faili la WordPress hubeba na anwani za barua pepe za waliotoa maoni, pamoja na namba za mtandao walizotumia. Ofisa wa polisi mwenye blogu ya mtaa, ambaye raia humwandikia juu ya wezi wa ng'ombe, alitunze faili hilo kama anavyokitunza kitabu cha matukio pale kituoni. Asiliache katika kompyuta ya kukodi. Na askari aliyewahi kutaja kwa jina lindo alilosimama, akumbuke kwamba huenda wenzake wangali wamesimama pale pale. Siku ya kuhama ni siku nzuri ya kuliacha jina hilo lisiendelee na safari.

Kuhusu anwani, tovuti ya zamani ikikubali, iamriwe kuwaelekeza wageni kwenye nyumba mpya moja kwa moja. Isipokubali, andiko la mwisho liwe ni tangazo lenye anwani mpya. Bora zaidi ni kukodi jina lako mwenyewe la tovuti, ambalo hulipiwa kila mwaka. Hapo nyumba yaweza kubadilishwa mara tatu na wageni wasitambue.

Rafiki yangu hakukata tamaa. Iko maktaba huko San Francisco, Internet Archive, ambayo tangu mwaka 1996 imekuwa ikihifadhi nakala za kurasa za tovuti mbalimbali duniani. Alikaa siku nne akitafuta humo kwa anwani za zamani, akapata picha 31, nyingine zikiwa ndogo kama stempu. Picha ya yule mwenzake haikuwamo. Ameandikia watu waliokuwa naye kikosini, mmoja mmoja, akiuliza kama yupo aliyebaki nayo katika simu ya zamani. Wawili wamejibu kwamba hawana. Mama yule bado hupita dukani siku za soko, na mwenye duka humfungulia ukurasa, akamsomea ile mistari sita.