Mkulima wa Ruanda asidanganywe na gari la IT

Kila mwaka kahawa inapouzwa na malipo kuanza kuingia, wilayani Mbozi huzuka mazungumzo yale yale. Aliyejenga mwaka juzi na kuezeka mwaka jana, sasa anataka gari. Kwa mtu wa Ruanda, hamu hiyo inachochewa na jambo ambalo wakulima wengi wa mikoani hawalioni: magari yenyewe yanampita mbele ya macho. Barabara kuu ya kutoka Dar es Salaam hadi Tunduma hupitisha magari yaliyoshushwa bandarini yakiwa njiani kwenda Zambia na Kongo. Rangi bado inang'aa, viti vimefunikwa nailoni, na mbele yana alama ya IT, yaani mali inayopita tu nchini.

Si ajabu basi kwamba baada ya msimu hujitokeza mtu wa kumnong'oneza mwenye pesa kwamba lipo gari moja, zuri, ambalo mwenyewe amekwama mpakani na anataka kuliachia kwa nusu ya bei ya Dar es Salaam. Au lipo upande wa pili, Nakonde, limeshasajiliwa kwa namba za Zambia, kazi ni kulivusha tu. Mnunuzi anayetafuta gari lake la kwanza kwa pesa ya jasho hana adui mkubwa kuliko maneno hayo, na inafaa aelewe kwa hesabu kwa nini gari hilo ni rahisi.

Ni rahisi kwa sababu halijalipiwa kodi ya Tanzania. Hakuna siri nyingine. Chukua gari dogo la kutembelea lenye injini ya cc 1500, lililotengenezwa zaidi ya miaka kumi iliyopita. Kwa viwango vilivyozoeleka miaka ya karibuni, kila shilingi 100 ya thamani yake hadi bandarini hutozwa ushuru wa forodha wa asilimia 25, ikafika 125. Juu ya hiyo 125 kuna ushuru wa bidhaa wa asilimia 5 kwa ukubwa wa injini, na mwingine wa asilimia 30 kwa sababu ya uzee wa gari. Hapo imeshafika karibu 169. Kisha VAT ya asilimia 18 juu ya yote hayo, na jumla inakaribia 200. Bado tozo ya reli, ada ya forodha, gharama za bandari, wakala na usajili. Kwa lugha nyepesi, gari kuukuu linanunuliwa mara mbili: mara moja kwa muuzaji wa Japani, mara ya pili kwa Serikali.

Serikali haikufika huko kwa bahati mbaya. Kenya imepiga marufuku magari yaliyozidi miaka minane, na Uganda ikaweka ukomo wa miaka 15 mwaka 2018. Tanzania haikufunga mlango, iliamua kutoza wanaoingiza makuukuu. Mtu anaweza kuilalamikia sera hiyo, na kwa mkulima ambaye hawezi kumudu gari la miaka mitano malalamiko hayo yana uzito. Lakini kodi anayoilalamikia leo ndiyo atakayodaiwa kesho, akikutwa na gari lisiloilipa.

Gari la IT linatembea kwa dhamana ya forodha. Likiachwa ndani ya nchi, kwa Sheria ya Usimamizi wa Forodha ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2004 ni mali ya magendo, na mali ya magendo hutaifishwa. Anayekutwa nalo ndiye anayelipoteza. Aliyeliuza atakuwa ameshavuka mpaka zamani, na hakuna risiti ya kumdai. Hata lisipokamatwa wiki ya kwanza, halina kadi. Bila kadi halikatiwi bima ya kweli, haliuziki kwa mtu mwenye akili, wala haliwezi kuwekwa dhamana kwa mkopo wa mbolea. Linabaki kufichwa uani na kutembezwa jioni. Mtu aliyenunua gari ili apeleke mazao Mlowo anajikuta anakwepa barabara ya Mlowo.

Wapo wanaojitetea kwamba Zambia ni mwenzetu katika SADC, hivyo gari lililolipiwa kodi kule halipaswi kutozwa tena huku. Hoja hiyo inasikika vizuri kijiweni tu. Nafuu ya SADC ni kwa bidhaa zenye asili ya nchi wanachama. Toyota iliyotengenezwa Japani haigeuki kuwa ya Kizambia kwa kulala Nakonde miezi sita. Kodi iliyolipwa kule imekwenda hazina ya Lusaka, na TRA haina habari nayo. Mgeni huruhusiwa kuingia na gari lenye namba za kigeni kwa kibali cha muda. Mkazi wa Mbozi mwenye shamba la kahawa si mgeni.

Sasa anunue nini? Hapa ndipo wengi hukosea kwa namna nyingine, hata wale wanaofuata sheria. Wanachagua gari kwa macho, wakati gari la kwanza linapaswa kuchaguliwa kwenye duka la spea. Kabla ya kutazama rangi, mnunuzi aende Mlowo, Vwawa au Tunduma, aulize bei ya shokapu, bushi, rejeta na taa ya mbele ya gari analolitamani. Muuzaji wa duka akitaja bei bila kufikiri na kunyoosha mkono kwenye rafu, gari hilo linafugika. Akisema "hiyo labda tuagize Dar", jibu limeshapatikana.

Kwa kipimo hicho, magari yanayobaki ni machache na mengi yanachosha macho. IST za kwanza, zilizotengenezwa kuanzia mwaka 2002 hadi 2007, zilikuja na injini ya cc 1300 au 1500. Ile ya cc 1500, ambayo mafundi huiita 1NZ, ndiyo hiyo hiyo iliyomo kwenye Probox, Spacio na Raum nyingi za miaka ileile, na kwenye Premio ya cc 1500. Fundi aliyeifungua mara moja ameyafungua magari matano. Ndiyo maana IST zimejaa mpaka watu wanazicheka, na kucheka huko ndiko kunakofanya spea zake ziwe rahisi.

Kati ya hayo, kwa mtu wa shamba Probox inastahili heshima kuliko inayopewa. Ni gari lisilo na urembo, lilitengenezwa kwa ajili ya wasambazaji wa bidhaa huko Japani, na nyuma lina nafasi ya magunia. Passo ya cc 1000 inakula mafuta kidogo na kwa injini yake haitozwi ule ushuru wa asilimia 5, lakini ipo chini. Njia za ndani za Mbozi mvua zikishakolea kati ya Desemba na Machi hazina huruma na gari la chini. Anayeishi kando ya lami atafurahi nayo, ila anayeishi kilomita kumi ndani ataikumbatia kwenye tope.

Noah inapendwa kwa sababu inabeba familia nzima na wajomba. Ni sawa, lakini nyingi za mwanzoni mwa miaka ya 2000 zina injini ya D4, ambayo hupeleka petroli moja kwa moja ndani ya silinda kwa pampu ya shinikizo kubwa. Mafuta yakiwa machafu, pampu hiyo na nozeli zake huwa za kwanza kulalamika. Anayejaza mafuta ya kwenye madumu porini aachane nayo.

Na yupo mfanyabiashara mdogo ambaye kwa kweli hahitaji gari la kutembelea. Huyu ananunua maharage Iyula, anauza nyanya, anapeleka soda kwenye maduka. Kwake kirikuu, ile Suzuki Carry yenye injini ya cc 660, itamlipa kuliko IST yoyote. Tatizo ni jinsi inavyotumika. Magari ya aina hiyo yalipewa ukomo wa kilo 350 kule kwao, yaani magunia matatu na nusu ya kilo 100, nayo yawe ya kipimo halali, si lumbesa. Huku yanapakiwa kumi, dereva na utingo juu yake, halafu watu wanashangaa ekseli kukatika. Anayebeba mizigo ya watu kwa malipo akumbuke pia kwamba namba ya njano ni ya gari binafsi. Gari la biashara ni namba nyeupe, lenye leseni yake na bima yake.

Suala la kuagiza Japani au kununua lililopo nchini halina jibu moja. Anayeagiza anapata gari ambalo halijaonja barabara zetu. Magari hayo huachwa mapema kule kwa sababu ukaguzi wa lazima, unaofanywa kila baada ya miaka miwili, hugharimu fedha nyingi gari linapozeeka. Lakini anayeagiza lazima aombe karatasi ya mnada na aisome: daraja la R au RA maana yake gari limewahi kugongwa na kutengenezwa. Malipo yaende kwenye akaunti ya benki ya kampuni, kamwe yasiende kwa jina la mtu binafsi. Na asidhani bei ndogo kwenye ankara itampunguzia kodi, kwani TRA ina orodha yake ya thamani za magari yaliyotumika na hutumia hiyo. Kikokotoo chake kipo kwenye tovuti ya TRA, na kijana yeyote mwenye simu ya intaneti anaweza kumsaidia mzee kukisoma kabla hajatuma hata senti. Viwango hupitiwa kwenye bajeti ya kila Juni, hivyo hesabu ya jirani aliyeagiza miaka mitatu iliyopita isitumike.

Kwa mnunuzi wa kwanza ambaye pesa yake ni ya msimu mmoja, lililopo nchini ni salama zaidi, mradi tu asikubali kutishwa na herufi. Watu wa magari husema "namba C", "namba D", "namba E" kana kwamba ni umri wa gari. Herufi hiyo inaonyesha lilisajiliwa lini Tanzania, basi. IST ya mwaka 2004 yaweza kuwa na namba E kwa kuwa imeingia juzi, na ikawa mzee wa namba C iliyo jirani yake. Mwaka wa kutengenezwa upo kwenye kadi. Mita ya kilomita nayo isiaminiwe peke yake. Pedali ya breki iliyolika mpira, usukani uliong'aa na kiti cha dereva kilichobonyea husema ukweli kuliko tarakimu za kwenye dashibodi.

Fundi wa kulikagua atafutwe na mnunuzi, alipwe na mnunuzi, na asiwe rafiki wa dalali. Gari liwashwe asubuhi likiwa bado la baridi, si baada ya kupashwa moto. Lipandishwe mlima. Mbozi haina uhaba wa milima, na gia boksi inayoteleza au injini inayochemsha itajitaja yenyewe kabla ya kufika juu. Dalali ataharakisha, atasema kuna mteja mwingine anakuja kutoka Mbeya mchana huo huo. Mteja huyo wa Mbeya amekuwa akija tangu magari yaanze kuuzwa. Kinachomsukuma dalali ni cha juu, yaani kile anachoongeza juu ya bei ya mwenye mali, ndiyo maana mnunuzi anapaswa kusisitiza kukutana na mtu ambaye jina lake limo kwenye kadi.

Linalosahauliwa kuliko yote ni pesa ya baada ya kununua. Mwenye milioni 12 asinunue gari la milioni 12. Anunue la tisa, au nane na nusu akiweza. Gari lililotumika likibadilisha mkono huomba tairi, betri, mafuta ya injini na bushi ndani ya miezi michache, na msimu mwingine wa kahawa uko mbali. Petroli nayo haisubiri. EWURA hutangaza bei kikomo mwanzoni mwa kila mwezi, na kwa kuwa mafuta husafiri zaidi ya kilomita 900 kutoka Dar es Salaam, huku mpakani lita moja huwa juu kuliko kule. Uani kwa wakulima wengi yamo magari mazima kabisa, yamepandwa maboga pembeni, yakisubiri pesa ya tairi mbili.

Siku ya kulipana, namba ya chesisi ilinganishwe na ile ya kwenye kadi, herufi kwa herufi, na deni la faini za barabarani liangaliwe kwa namba ya gari kwenye mfumo wa Polisi. Muuzaji na mnunuzi wakamilishe uhamisho wa umiliki TRA, kila mmoja na TIN yake, mkataba ukiwa na mashahidi na ushuru wa stempu umelipwa. Sehemu kubwa ya pesa ishikwe hadi hapo. Muuzaji anayesema kadi ipo Dar es Salaam kwa shemeji yake, aambiwe shemeji aitume kwanza kwa basi. Pesa itabaki benki kumsubiri.