Jani Moja la Mkungu

Tangu msiba wa baba yake, binti yetu aliyeko Uingereza alikuwa akijibu salamu zetu kwa neno moja tu. Oktoba iliyopita akatuletea picha ya miti ya huko wakati wa kupukutika majani, myekundu, bila neno lolote.

Nasi hapa Mwanakwerekwe mkungu wetu ulikuwa unapukutika. Tukapiga picha ua zima: kamba ya nguo, ndoo, bata, na mti wenyewe. Jicho halikujua litue wapi. Kesho yake saa moja asubuhi, jua likingali chini, tukaondoa kandambili na vifuu, tukapiga magoti, tukasogeza simu karibu na jani moja jekundu juu ya mchanga mtupu. (Jirani alidhani tumeangusha hereni.) Mkungu hurudisha kwanza chakula kilichomo jani, kijani kikafifia na wekundu ukatokea, ndipo hulidondosha.

Tukampelekea picha hiyo, nasi bila neno.

Usiku simu ikalia. “Mama, ni ule mkungu aliokuwa akikaa baba chini yake?”

Tukazungumza mpaka chaji ikaisha.