Mvinyo mwepesi? Thubutu!

Wadau, nilipotea kidogo, ripoti za maabara zilinibana. Leo nina neno moja tu, na msiokunywa mtanisamehe: zabibu ya Grenache inadharauliwa bure. Mimi mwenyewe nilikuwa kwenye kundi hilo.

Nilipofika hapa Montpellier, kusini mwa Ufaransa, nilijua mvinyo mwekundu wa maana lazima uwe mweusi tii. Jumatano moja usiku jirani yangu bwenini akaleta Côtes du Rhône ya euro 6. Kumimina hivi, naona vidole vyangu upande wa pili wa glasi! Nikacheka, nikamwambia huu umetiwa maji. Basi nikaunywa kama soda. Glasi ya nne nikawa nahutubia kwa Kiswahili watu wasiojua hata "jambo". Asubuhi yake kundi letu lilikuwa na kazi ya kuwasilisha darasani. Waliwasilisha bila mimi, na mpaka leo kuna mmoja hanisalimii vizuri. Ana haki.

Baadaye ndio nikasoma lebo: asilimia 14.5. Bia nyingi ni kama 5 tu, jamani. Kumbe Grenache ina ganda jembamba, kwa hiyo rangi ni kidogo. Halafu inachelewa kuiva, inapigwa jua weee, inajaza sukari, na sukari hiyo ndiyo inayogeuka kilevi. Inavumilia ukame na upepo mkali, ndio maana imeshamiri huku na kwao kaskazini mwa Hispania, wanakoiita Garnacha.

Sasa nainywa kwa adabu, na kusema ukweli ni tamu kuinywa. Sisemi tamu ya sukari, hapana. Inanukia stroberi, kwa nyuma kuna kapilipili manga. Iweke kwenye friji kama nusu saa kwanza, maana ikiwa na joto kilevi kinakupanda puani. Na usiinywe na tumbo tupu kama mimi.

Wale wa kujionyesha watakwambia ununue Châteauneuf-du-Pape. Nimeonja, kwa hela ya mtu mwingine. Ni nzuri, na nyingi ni Grenache hiyohiyo kwa sehemu kubwa, lakini kwa bei yake mimi nakula wiki nzima. Jina nalo lina gharama yake: mapapa waliwahi kuishi Avignon, jirani na pale, kuanzia 1309. Kwa bumu letu, chupa ya Calatayud kutoka Hispania inatosha kabisa.

Na nyie mnaosema bila sukari si mvinyo, tafuteni Maury au Banyuls. Ni Grenache, na ni tamu kweli. Kula na chokoleti, kisha uniambie.

Jumapili tunapika pilau ya mbuzi bwenini. Chupa moja, watu sita. Hesabu nimeshapiga, na Jumatatu nina mtihani saa mbili.