Mgeni, Rudisha Simu Mfukoni

Kuna makala ambazo haziishi: ya kufanya na ya kuepuka ukizuru Kenya. Usinywe maji ya mfereji. Usivae saa ya bei. Usiende mitaa ya mabanda bila mwenyeji. Nazijua vizuri, maana tangu niache chuo kwa kukosa karo naishi kwa kuandika, na kazi za aina hiyo ndizo hutangazwa kila wiki. Zote zinamlinda mgeni dhidi yetu. Bado sijaona inayotulinda sisi dhidi ya mgeni.

Nakaa Kawangware, karibu na steji ya 56. Tembea kidogo tu utafika Lavington, kwenye mageti na masoja. Sijawahi kusikia mtu amelipia ziara ya kuchungulia jikoni za Lavington. Huku kwetu ni kama umaskini umefuta mlango.

Mwaka juzi kijana mmoja alileta wazungu sita kwenye ploti yetu. Jirani alikuwa anamwogesha mtoto kwenye beseni, mlango wazi kwa sababu stima ilikuwa imepotea na ndani ni giza. Simu zikatoka. Mama wa watu akasema, kwa adabu kabisa, "Wageni, ngojeni basi nimvalishe." Yule kijana hakutafsiri.

Kibera wamezoea haya kutushinda. Filamu ya The Constant Gardener ilipigwa huko, Obama akapita 2006 akiwa bado seneta, na kila mgeni huambiwa yuko kwenye mtaa wa mabanda wenye watu milioni moja. Sensa ya 2009 ilihesabu 170,070. Hata ukisema waliohesabu waliruka nyumba nyingi, milioni iko mbali sana. Lakini milioni inauza. Hakuna anayesafiri kutoka Ulaya kuja kusikia kwamba jina Kibera limetokana na neno la Wanubi la msitu, au kwamba Wanubi hao walingoja hadi 2017 kupewa hati ya ekari 288.

Na hii ya picha si suala la heshima tu. Kifungu cha 31 cha Katiba kinalinda faragha, na tuna Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019. Mwaka 2023 Kamishna wa Data aliitoza shule moja shilingi 4,550,000 kwa kuchapisha picha za watoto bila idhini ya wazazi. Klabu moja nayo ikatozwa 1,850,000 kwa kuanika picha ya mteja wake. Kwa hivyo mlevi aliye klabu ana haki juu ya sura yake, lakini mtoto aliye kwenye beseni Kawangware ni mandhari? Acheni hizo.

Najua jibu: ziara zinawapa vijana kazi. Ni kweli, na sina vita na hao wasee. Baadhi tulikaa dawati moja. Mtu analisha familia, utamwambia nini? Ninayemtaka ni yule anayeuza tikiti akiwa mbali na mtaro, halafu anaiita biashara hiyo msaada kwa jamii.

Ukitaka kuja, njoo. Nyoa kwa kinyozi wetu. Kula chapo madondo kibandani, ulipe bei tunayolipa. Nenda soko la Toi, uchague mtumba na ubishane bei kama kila mtu. Ukiambiwa "sasa", jibu "poa". Hiyo "jambo" waachie wafanyakazi wa hoteli, wao wanalipwa kuisema. Usiwarushie watoto peremende kama kuku, mama zao wako hapo, waulize kwanza. Na kabla hujalipia ziara, muulize mwenye kampuni, mbele ya yule kijana atakayekutembeza, kwamba katika hiyo pesa yako yeye anabaki na ngapi.