Mdomo Uliponza Kichwa? Jim Hightower na Kiti cha Kilimo cha Texas

Kati ya majimbo 50 ya Marekani, ni 12 tu ambamo mkuu wa kilimo huchaguliwa na wananchi kwa kura. Katika mengine kwa kawaida huteuliwa, kama ateuliwavyo Waziri wa Kilimo hapa Kenya. Texas ni mojawapo ya hayo 12. Cheo chenyewe hakina fahari kubwa. Idara ya kamishna hukagua mizani za madukani (hadi 2020 ilikagua pia pampu za petroli), husimamia utumiaji wa dawa za kuua wadudu, hupima ubora wa mbegu na kuwatafutia wakulima masoko. Ni kazi ambayo aghalabu haitajwi magazetini ila pale mizani inapopunja. Hata hivyo, kati ya 1983 na 1991 kiti hicho kilikaliwa na mtu ambaye sifa zake zilivuka mipaka ya jimbo, na kushindwa kwake kumezoeleka kuelezwa kwa maneno mepesi mno: kwamba Jim Hightower alikuwa msemaji sana, kwamba mdomo uliponza kichwa. Maelezo hayo yanapendeza sikioni, lakini ushahidi hauyaungi mkono.

Hightower alizaliwa mwaka wa 1943 katika mji wa Denison, kaskazini mwa Texas. Alipata kuwa msaidizi wa Seneta Ralph Yarborough, na mwaka wa 1970 akashirikiana na wenzake kuunda kundi la kuyachunguza makampuni makubwa ya kilimo. Mwaka wa 1972 lilitokea chapisho lake mashuhuri kuhusu vyuo vikuu vya kilimo vya umma, vile vilivyozaliwa na sheria ya mwaka wa 1862 ili vimhudumie mkulima wa kawaida. Kwa Kiswahili kichwa chake ni Nyanya Ngumu, Nyakati Ngumu, na hapa mfasiri ana bahati, maana kivumishi kilichobeba maana mbili katika Kiingereza kinazibeba zilezile mbili katika Kiswahili bila kusukumwa. Hoja ilikuwa kwamba watafiti wa California walikuwa wamebuni mashine ya kuvuna nyanya, kisha wakazalisha nyanya yenye ganda gumu ili isipondeke ndani ya mashine hiyo. Mwenye shamba kubwa alinunua mashine, mwenye shamba dogo akaacha kilimo cha nyanya, na kibarua akakosa kazi. Haya yote yalifanywa kwa fedha za umma. Jina la mzaha, basi, lilibeba shtaka zito, na mtindo huo wa kuficha shtaka ndani ya kicheko ndio uliokuja kuwa alama yake.

Baadaye alihariri gazeti la Texas Observer. Mwaka wa 1980 akagombea nafasi katika Tume ya Reli ya jimbo, ambayo kwa kinaya kisichohitaji mtunzi, kazi yake kubwa ni kusimamia mafuta na gesi. Alishindwa kwa kura chache katika mchujo wa chama chake cha Democratic. Miaka miwili baadaye alimkabili Reagan Brown, kamishna wa kilimo aliyekuwa madarakani, na katika kampeni hiyo methali ya mdomo na kichwa ilimpata mtu wake halisi. Brown alitia mkono wake katika kichuguu cha chungu wakali, wakamuuma; kisha, jambo baya zaidi, akamtaja Booker T. Washington, yule mwelimishaji mkubwa wa Wamarekani weusi, kwa neno la tusi la kibaguzi. Hightower aliushinda mchujo na, Texas ya wakati huo ikiwa bado ngome ya Democratic, akakitwaa kiti.

Mengi aliyoyafanya hapo mwanzoni hayakumkera mtu. Idara ilisaidia miji kufungua masoko ambapo mkulima humuuzia mlaji ana kwa ana pasipo dalali. Iliwatafutia wakulima wadogo wanunuzi wakubwa waliokuwa wakiagiza mazao kutoka mbali. Mwaka wa 1988 ilianzisha utaratibu wa kuthibitisha mazao ya kilimo hai, miongoni mwa mipango ya kwanza ya namna hiyo kuendeshwa na serikali ya jimbo nchini humo. Nani angegombana na soko la matikiti?

Ugomvi ulitoka kwenye dawa. Texas ni nchi ya pamba, na pamba hunyunyiziwa, mara nyingi kutoka angani kwa ndege ndogo. Dawa haijui mpaka wa shamba. Upepo ukivuma huifikisha kwa jirani, nyumbani kwake na kwenye mazao yake. Na vibarua wa mashambani, wengi wao wakiwa watu wenye asili ya Mexico na wasemaji wa Kihispania, waliweza kuingia katika shamba lililonyunyizwa bila kujua ni nini kimemwagwa humo wala lini. Katika muhula wake wa kwanza Hightower alitunga kanuni zilizodai majirani na wafanyakazi wapewe taarifa kuhusu unyunyizaji, na kwamba muda fulani upite kabla ya mtu kurejea shambani. Mwaka wa 1987 bunge la jimbo likapitisha sheria iliyowapa vibarua wa mashambani haki ya kuelezwa kemikali wanazofanyia kazi na madhara yake.

Inafaa kutua hapa, kwa sababu kiini cha mambo kiko hapa. Kanuni hizo, zikitazamwa kwa jicho la mwanafunzi wa lugha, hazikupiga dawa marufuku. Zilidai kauli. Zilimtaka mwenye shamba, ambaye kwa miaka mingi alinyunyiza na kunyamaza, amwambie jirani na kibarua kwamba leo kutanyunyizwa kitu fulani, na kwamba kitu hicho chaweza kudhuru. Kwa muda mrefu kunyamaza kulikuwa sehemu ya nguvu ya mwenye shamba juu ya kibarua wake. Kosa la Hightower machoni pa wakubwa wa kilimo halikuwa kusema sana. Kosa lake lilikuwa kuwalazimisha wao waseme.

Wao walilielewa jambo hili upesi kuliko mashabiki wake, ambao walikuwa wakishangilia vichekesho. Texas Farm Bureau, shirika lenye nguvu la wakulima, na makampuni ya kemikali hawakupoteza wakati kushindana naye kwa misemo. Walikwenda bungeni. Kukawa na juhudi za kukifanya cheo cha kamishna kiwe cha kuteuliwa badala ya kuchaguliwa, zikagonga mwamba. Lakini mwaka wa 1989 bunge liliunda bodi ya kusimamia masuala ya dawa za mashambani, na uamuzi uliokuwa wa kamishna ukawa wa bodi ambamo yeye ni mmoja tu. Mwaka huohuo Jumuiya ya Ulaya ilipiga marufuku nyama ya ng'ombe waliodungwa homoni. Serikali ya Marekani iliwaka. Hightower akajitolea kuithibitisha nyama ya Texas isiyo na homoni ili iuzwe Ulaya. Kwa mfugaji mdogo hili lilikuwa soko jipya; kwa wenye ranchi kubwa na kwa maafisa wa Washington lilikuwa usaliti, kwa sababu kuiita nyama moja safi ni kuitilia shaka ile nyingine. Hapa tena, lebo ndogo juu ya nyama ilikuwa kauli ambayo wengine hawakutaka itamkwe.

Ama kuhusu ulimi wenyewe, haina haja kuukana. Hightower alikuwa fundi wa tashtiti, na tamathali zake zilitoka zizini, barabarani na viwanjani. Kitabu chake cha 1997 kina jina linalodai kwamba katikati ya barabara hamna kitu ila mistari ya manjano na mizoga ya armadillo, mnyama wa huko mwenye magamba anayefanana na kakakuona wetu. Picha hiyo ni ya Texas mno kiasi kwamba ikihamishwa hufa, ingawa maana yake, kejeli kwa wanasiasa wasiotaka kuegemea upande wowote, inaeleweka popote. Katika mkutano mkuu wa Democratic mjini Atlanta mwaka wa 1988 alimfananisha George Bush mkubwa na mchezaji wa besiboli aliyezaliwa akiwa tayari kwenye kituo cha tatu, akadhani amefika hapo kwa kupiga mpira yeye mwenyewe. Usemi huo ulikuwa umetumika kabla yake, lakini yeye aliutupa mahali palipouma. Ni kweli pia kwamba tashtiti hugawa hadhira mara mbili, wanaocheka na wanaochekwa, na wanaochekwa huwa hawasahau. Mtetezi wake asiyelikubali hilo atakuwa anamtetea kwa upofu.

Lakini kalenda inaikataa methali. Mwaka wa 1986 ulimi wake ulikuwa uleule, na alichaguliwa tena, ilhali gavana wa chama chake, Mark White, aliangushwa siku hiyohiyo na Bill Clements wa Republican. Novemba 1990 mambo yakapinduka: Ann Richards wa Democratic, mwenye ulimi mkali si haba, alishinda ugavana, na Hightower akashindwa. Kama mawimbi ya chama ndiyo yangeamua, Hightower angezama 1986 na kuelea 1990. Kama ni ulimi, Richards naye angezama. Kilichobadilika kati ya chaguzi hizo mbili ni sheria ya vibarua ya 1987, kumuunga kwake mkono Jesse Jackson katika kinyang'anyiro cha urais mwaka wa 1988, ugomvi wa bodi na nyama wa 1989, na uchunguzi wa FBI uliokuwa ukiinyemelea idara yake.

Aliyemshinda alikuwa Rick Perry, mwana wa wakulima wa pamba wa Paint Creek, rubani wa zamani wa jeshi la anga, mbunge wa jimbo. Mwaka wa 1988 Perry alikuwa bado Democratic na alimpigia kampeni Al Gore. Mwaka wa 1989 akahamia Republican. Miongoni mwa waliomwongoza katika kampeni alikuwemo Karl Rove, aliyekuja kujulikana duniani kama mwelekezi wa George W. Bush. Tofauti ilikuwa finyu, takribani asilimia 49 kwa 48. Na wapiga kura wenyewe ni akina nani? Mwaka wa 1990 Texas ilikuwa na watu takribani milioni 17, na wengi mno kati yao walikuwa wakaazi wa miji kama Houston, Dallas na San Antonio, watu ambao hukutana na kilimo sahanini. Kibarua ambaye sheria ilimlinda alikuwa mara nyingi mhamaji, na mara nyingi hakuwa na kura. Huu ndio udhaifu wa cheo hiki: wanaokihitaji zaidi ni wachache kwenye foleni ya kupiga kura, na wanaokiogopa zaidi wana fedha za matangazo.

Kuna doa lisilofutika. Mwaka wa 1993 wasaidizi wakuu wa Hightower walitiwa hatiani na mahakama ya serikali kuu katika kesi iliyohusu kuchangisha fedha za siasa kwa kutumia ofisi ya umma. Yeye mwenyewe hakushtakiwa. Wapo waliosema uchunguzi ulisukumwa na siasa, na huenda siasa haikukosekana. Lakini mtu aliyejenga jina lake kwa kuwasuta wakubwa wanaotumia mali ya umma kwa faida yao anapaswa kupimwa kwa kipimo kilekile, na kwa kipimo hicho ofisi yake ilipunja.

Perry alikaa katika kiti cha kilimo hadi 1999. Hakuna aliyemlaumu kwa maneno mengi. Kutoka hapo akawa naibu gavana, na Desemba 2000 akawa gavana, akatawala kwa miaka 14. Susan Combs aliyemrithi katika kilimo naye alipanda, akawa mdhibiti wa fedha za jimbo mwaka wa 2007. Cheo kilichokuwa karakana kikawa ngazi. Mgombea yeyote wa Democratic hakushinda kiti cha jimbo zima Texas kati ya 1996 na 2024. Hightower aligeukia redio, akapata kipindi katika mtandao wa ABC, kikaondolewa hewani mwaka wa 1995, wakati ambapo kampuni ya Disney ilikuwa ikiinunua ABC na yeye akiukosoa ununuzi huo.

Na kuhusu midomo na vichwa, kumbukumbu za Novemba 2011 zipo. Perry, akiwania tikiti ya urais, alisimama mbele ya kamera kutaja wizara tatu ambazo angezivunja akiingia Ikulu. Akataja mbili. Ya tatu ikamtoroka, akapapasa maneno mbele ya taifa zima hadi akakiri hawezi kuikumbuka. Ilikuwa Wizara ya Nishati. Mwaka wa 2017 aliteuliwa kuwa waziri wake.